Chunya kwa siku mbili: mwongozo kamili wa kwenda mji wa dhahabu nyuma ya milima ya Mbeya

Wageni wengi wakifika Mbeya huelekea kusini: Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, Kitulo, Matema. Kaskazini wanaona mlima Loleza, mita 2,656, na minara yake ya mawasiliano, wanadhani mkoa umeishia hapo. Haujaishia. Kuna barabara inayopanda ubavuni mwa milima hiyo, inapita kwenye baridi na misonobari, inashuka upande wa pili mpaka kwenye miombo, na baada ya kilomita 72 inakufikisha Chunya. Dhahabu iliyopatikana huko ndiyo iliyoukuza mji wa Mbeya. Mbeya ilianzishwa mwaka 1927, wakati watu wakimiminika kwenda mto Lupa, huko Chunya, na walihitaji mahali pa kupumzika, kununua unga na sepetu, na kuuza walichopata.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu anayekwenda mara ya kwanza, kwa gari la abiria au lake mwenyewe, akalala usiku mmoja na kurudi. Nimekwenda mara kadhaa, na kuna jambo moja ambalo ningependa ulijue kabla hujafunga begi. Chunya ni mji wa zamani, lakini si magofu. Ukienda kutafuta mji uliokufa utapishana na bodaboda zenye viroba vya mawe na utasikia makarasha, mashine za kusaga mawe, yakinguruma tangu asubuhi. Watu bado wanachimba, na mara nyingi wanachimba palepale walipochimba babu zao. Kwa hiyo unaingia kazini kwa watu, na karibu kila ushauri ninaokupa hapa unatoka kwenye hilo.

Jua kwanza unachokwenda kuona

Nakuomba usiruke sehemu hii. Asiyeijua habari ya Lupa anaona vichaka, mashimo na maduka ya mabati, anarudi mjini akisema hakuna kitu.

Dhahabu ya Lupa ilianza kutafutwa kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1920, na ilikuwa dhahabu ya mchanga. Kwa maelfu ya miaka mvua ilikuwa imeula mwamba wenye dhahabu, ikabeba chembe zake mpaka mtoni. Dhahabu ni nzito karibu mara saba kuliko mchanga wa kawaida, kwa hiyo maji yakipunguza kasi, chembe zinazama: kwenye kona ya mto, nyuma ya jiwe kubwa, chini kabisa juu ya mwamba. Mtu mwenye sepetu, karai na mgongo wenye nguvu aliweza kuanza kazi siku hiyohiyo bila mtaji. Ndiyo maana Lupa iliwavuta watu wa kila aina badala ya kampuni kubwa peke yake.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa mwaka 1929. Bei za mazao zikaanguka. Mwaka 1931 Uingereza ikaacha kuifunga pauni yake kwenye dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi. Fikiria maana yake kwa mtu wa nyanda za juu wakati ule: kila kitu unachouza kimeshuka bei, kodi ya serikali ya kikoloni iko palepale, na kitu kimoja tu kimepanda. Walowezi waliofilisika walikuja na malori yao. Vijana wa Kinyakyusa walitoka Rungwe, wakavuka milima kwenda kufanya kibarua Lupa ili wapate fedha ya kodi na ya kununulia ng'ombe wa mahari. Rungwe bado kuna familia zinazosimulia habari za babu aliyekwenda Lupa.

Mchanga ulipopungua, kazi ikahamia kwenye mwamba wenyewe, na mwamba unataka mashine, baruti na pampu za maji. Hapo ndipo fedha kubwa ilipoingia. Mgodi wa Saza, ulio magharibi ya Chunya, ulifanya kazi kuanzia mwaka 1939 hadi 1956, na kwa Tanganyika ya wakati ule ulikuwa wa pili kwa uzalishaji baada ya Geita. Ile bei ya dola 35 haikuondoka mpaka mwaka 1971. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mafuta, mishahara na vipuri vilipanda mwaka hadi mwaka, bei ya dhahabu imesimama. Migodi ikafungwa, mji ukapoa. Wanaosema Chunya "iliisha dhahabu" wanakosea. Dhahabu ilikuwepo chini, ila kuitoa kuligharimu zaidi ya ilivyouzwa.

Bei ilipofunguka, na baadaye serikali ilipolegeza masharti kwa wachimbaji wadogo, watu walirudi. Mwaka 2012 mgodi wa kisasa wa New Luika ukaanza uzalishaji katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Songwe. Mwaka 2019 serikali ilianzisha masoko ya madini nchini, na Chunya ikapata lake. Kwa hiyo ndani ya siku mbili utaona miaka mia moja imerundikwa mahali pamoja, na kazi yako ni kujua kipi ni cha lini.

Chagua siku

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Mvua za nyanda za juu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo barabara kuu ya lami inapitika, lakini njia za kwenda machimboni zinakuwa tope, na nyasi ndefu zinafunika mashimo ya zamani. Hilo la nyasi ni la hatari kweli na nitalirudia.

Juni na Julai mlimani kuna baridi kali ya asubuhi, ilhali Chunya yenyewe, iliyo chini zaidi, ina joto la kuvua koti. Septemba na Oktoba ni vumbi na jua. Mimi napenda Agosti.

Panga ufike siku ya kazi, Jumatatu hadi Alhamisi. Utahitaji kuonana na watu wa ofisini, na ukifika Ijumaa jioni utakuwa umejifungia milango mwenyewe.

Vya kubeba

Viatu vya kufunika vidole vyenye soli ngumu. Sweta au koti la mlimani na fulana ya Chunya. Barakoa za kutosha, kwa sababu vumbi la karasha ni vumbi la mawe na mapafu hayalisamehei. Tochi. Maji ya kunywa. Kitambulisho cha taifa, au pasi ya kusafiria kwa mgeni. Fedha taslimu za noti ndogo: mawakala wa fedha za simu wapo mjini, lakini huko machimboni mtandao unaweza kukata ukiwa unadaiwa nauli ya bodaboda. Chandarua si lazima, gesti nyingi zinacho, lakini beba dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Chunya iko chini kuliko Mbeya na malaria ipo.

Daftari na kalamu. Wazee wanamheshimu mtu anayeandika wanachosema kuliko anayewaelekezea simu usoni.

Kupanda mlima

Magari ya Chunya ni Coaster na Hiace, na yanaondoka yakijaa. Usimwamini mpiga debe wa kwanza anayekwambia "tunaondoka sasa hivi, tajiri". Angalia ndani kuna abiria wangapi. Uliza nauli kabla ya kupanda, kisha muulize abiria aliyekwisha kaa kama ndiyo hiyo. Omba kiti cha dirishani upande wa kulia, kwa sababu bonde la Usangu liko mashariki na utalikuta upande huo.

Usitoke alfajiri sana. Mara yangu ya kwanza nilipanda gari la saa kumi na mbili asubuhi nikitaka kuwahi, na njia nzima ya mlimani tulipita ndani ya ukungu mzito kama uji. Dereva alikwenda taratibu, taa zimewaka, honi kila kona, na sikuona kitu zaidi ya nguzo za pembeni. Ukitoka saa tatu au saa nne, ukungu mara nyingi umeshapanda.

Kwa mwenye gari lake: jaza mafuta Mbeya mjini, angalia breki na maji ya rejeta kabla ya kuanza. Kupanda ni kwa muda mrefu na kona ni za kubana. Kushuka ndiko kunakotaka akili. Weka gia ndogo uache injini ishike gari, maana ukikanyaga breki mfululizo zitapata moto na kulegea ukiwa mahali pabaya. Malori ya mkaa, mbao na mizigo ya machimboni yanatumia barabara hiyohiyo. Usiyapite kwenye kona hata kama umechoka kuyafuata.

Utapita msitu wa Kawetere, wenye misonobari iliyopandwa kwa mistari, na mashamba ya viazi yaliyolala kwenye miteremko mikali kiasi cha kujiuliza mkulima anasimamaje. Kisha, kiasi cha kilomita ishirini hivi kutoka mjini, ardhi upande wa kulia inaondoka ghafla. Hapo ndipo wanapoita World's End.

Mwenye gari lake asimame, tena asimame nusu saa. Wa gari la abiria azungumze na dereva kabla ya safari. Wengine wanakubali dakika mbili, wengine hawakubali, na abiria wenzako wana safari zao. Njia nyingine ni kukodi bodaboda au teksi kutoka mjini kwa ajili ya hapo tu, siku nyingine.

Chini yako ni Usangu. Mara ya kwanza macho hayajui yashike nini, ni tambarare ya rangi ya majani makavu inayokwisha kwenye ukungu wa bluu. Subiri kidogo. Utaanza kuona mistari ya kijani, hayo ni mashamba ya mpunga na mito. Maji yanayoshuka upande huo yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita Mtera na Kidatu, yanaungana na Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Geuka nyuma sasa. Maji yanayoshuka upande wa Lupa yanakwenda Ziwa Rukwa, na Rukwa haina njia ya kutoka. Ukisimama kwenye mgongo huu na mvua ikanyesha, tone moja linaweza kwenda Mafia na la jirani yake likabaki Rukwa mpaka jua lilikaushe.

Usikaribie ukingo. Nyasi za pale zinateleza kwa umande, na upepo unasukuma.

Baada ya hapo mnashuka kupitia Lwanjilo, katikati kabisa ya safari, kilomita 36 kila upande. Utahisi joto likipanda, misonobari inaisha, miombo inaanza, na udongo unageuka mwekundu.

Fika, jitambulishe

Ukishuka Chunya tafuta kwanza chumba, weka begi, nawa uso, halafu nenda ukajitambulishe kabla ya kutembea popote na kamera.

Kwa kutembea mjini tu, salamu kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya mtendaji wa kata inatosha. Sema jina lako, umetoka wapi, umelala gesti gani, umekuja kuona nini. Kwa kwenda machimboni, pita ofisi ya Tume ya Madini iliyopo Chunya uulize utaratibu wa wageni kwa siku hizo. Wao ndio wanaojua eneo gani lina leseni ya nani na wapi pana mgogoro usiofaa kuingia katikati yake. Kila eneo la uchimbaji lina mwenye leseni, na chini yake yuko msimamizi wa duara, yaani wa shimo la uchimbaji. Ruhusa ya ofisi haiondoi ruhusa ya msimamizi. Ukiwa na zote mbili, umelindwa.

Omba mwenyeji wa kutembea naye, mtu mzima anayefahamika. Mkubaliane malipo ya siku nzima kabla ya kuondoka, pamoja na mafuta ya bodaboda na chakula chake cha mchana. Usimlipe kidogo kwa sababu "anatembea tu". Unalipia miaka yake ya kujua mashimo yako wapi.

Salamu usizifanyie haraka. "Shikamoo mzee" kwa kila anayestahili, subiri "marahaba", uliza habari za kazi, habari za nyumbani, ndipo uingie kwenye shida yako. Mtu akikuuliza, "Wewe ni mnunuzi?" jibu wazi kwamba si mnunuzi, umekuja kujifunza. Hilo litaulizwa mara nyingi, na ukibabaika tu habari itazunguka mji mzima.

Mji kwa miguu, jioni ya kwanza

Anza saa kumi jioni, jua likiwa limeegama. Usitafute jengo moja maarufu la kupiga picha. Tafuta tofauti. Kuna nyumba mpya za tofali na milango ya vioo, na kati yake zipo za zamani: kuta nene, baraza ndefu mbele, mabati yaliyogeuka rangi ya chai, milango ya mbao ya mabawa mawili. Baraza hizo zilikuwa mahali pa biashara. Mchimbaji alikuja na dhahabu yake, akakaa kivulini huku mizani ikitafutwa.

Kwenye baraza moja nilionyeshwa ngazi ya saruji ya hatua tatu. Hatua ya katikati imeliwa upande mmoja tu, wa kulia, mpaka imekuwa kama kijiko. Niliinama nikaipapasa, laini kama jiwe la kusagia. Mama aliyekuwa anauza nyanya pembeni alisema, "Wanaotoka na wanaoingia wote wanapita hapohapo, kaka, upande ule kuna jua." Nikakaa kumwangalia kila aliyepita. Alisema kweli.

Jioni hiyohiyo muombe mwenyeji wako akupeleke kwa mzee mmoja wa kukusimulia. Beba sukari au majani ya chai, ni heshima inayoeleweka. Usianze na swali la dhahabu. Uliza alizaliwa wapi, wazazi walitoka wapi. Chunya ni mchanganyiko mkubwa: Wasafwa, Wakimbu, Wabungu, Wanyakyusa, Wasukuma waliokuja na mifugo, na wengine waliofika kufuata dhahabu tu wakaoa wakabaki. Ukiuliza ukoo, dhahabu itakuja yenyewe.

Kama mzee ataruhusu picha, mpige moja nzuri, na uandike jina lake kwenye daftari kama anavyolitamka.

Siku ya pili: machimboni

Toka saa moja asubuhi, kabla ya jua kali. Uelekeo mzuri kwa anayeanza ni barabara ya Makongolosi, kilomita 39 kutoka Chunya, inayopita Matundasi. Eneo hilo lina Itumbi, ambako Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina kituo cha mfano cha uchenjuaji kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Kama unaweza kupata ruhusa ya kukitembelea, anza hapo. Utaelezwa hatua zote mahali penye utaratibu, halafu ukienda kwenye machimbo ya kawaida utaelewa unachokiona.

Hatua zenyewe ni hizi. Mawe yanachimbwa kwenye duara, yaani shimo linaloshuka kufuata mshipa wa dhahabu, na kuta zake hushikiliwa na matimba, magogo yanayokingamishwa ili udongo usishuke. Mawe yanapandishwa kwa viroba na kamba. Yanapelekwa kwenye karasha yakasagwe yawe unga. Unga unapelekwa mwaloni, ambako unapitishwa na maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa kitambaa au gunia. Mchanga unapita, dhahabu na mchanga mzito mweusi vinanasa. Kile kilichonasa kinachanganywa na zebaki, kwa sababu zebaki inashika dhahabu. Kisha kinakamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa, zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki.

Udongo uliokwisha kuoshwa unaitwa marudio, na jina hilo lina maana yake. Haukutupwa. Bado una dhahabu ambayo zebaki haikuishika, kwa hiyo unalimbikizwa na baadaye hupelekwa kwenye matangi ya sayanaidi, dhahabu inayeyuka kwenye maji, inanaswa na kaboni, halafu inatolewa kwenye mtambo. Yapo marundo ya marudio yaliyoachwa na vizazi vilivyopita ambayo watu wa leo wanayaosha upya. Nilisimama mbele ya rundo moja kubwa kama nyumba, na kijana mwenye koleo akaniambia, "Hii waliifanya wazee kwa mikono, sisi tunaimalizia."

Omba mtu akuonyeshe kupepeta kwa karai, namna ya zamani kabisa. Mzee mmoja alinifanyia. Aliweka viganja viwili vya mchanga, akatia maji, akaanza kuzungusha polepole huku akiinamisha ukingo, na kila mzunguko ulitoa utando wa mchanga mwepesi. Hakuongea. Baada ya dakika kama tano palibaki kijiko kimoja cha mchanga mweusi. Akatia maji kidogo, akagonga karai kwa kidole gumba mara mbili, na ule mchanga mweusi ukasogea kama pazia. Nyuma yake palibaki mstari mwembamba wa njano, si mrefu kuliko ukucha. Aliniachia niutazame, halafu akaurudisha wote kwenye ndoo.

Sasa ya hatari, na hapa sitapunguza maneno.

Usiingie kwenye duara, hata kama umekaribishwa, hata kwa dakika moja ya picha. Hewa chini inaweza kuwa nzito na isiyo na oksijeni ya kutosha, matimba yanaweza kuwa yamechakaa, na wewe hujui kusoma dalili ambazo wao wanazijua. Usitembee nje ya njia. Mashimo ya zamani yako mengi, mengine hayana hata kingo, na baada ya mvua nyasi zinayafunika kabisa. Weka mguu pale mwenyeji wako alipoweka wake. Watoto wadogo usiwalete.

Ukiona mtu anachoma dhahabu, sogea mbali na usimame upande upepo unakotoka. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na unaharibu mishipa ya fahamu na figo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini kuiondoa kabisa machimboni ni kazi ya miaka. Kwenye mabwawa na matangi ya sayanaidi usiguse maji, usinawe, usipite karibu bila kuambiwa. Usile chochote machimboni kabla hujanawa kwa maji safi na sabuni.

Baadhi ya maduara yana miko: nani asikaribie, nini kisivaliwe, neno gani lisitamkwe. Uliza mapema, ukiambiwa usikaribie, usikaribie, wala usianze mjadala. Picha vilevile. Safari moja nilipiga picha ya duara kwa mbali bila kumuuliza mtu, nikidhani umbali unanilinda. Msimamizi alikuja kwa upole, akaniomba niifute mbele yake, akanieleza kwamba wiki iliyopita mtu aliumia pale na familia haijatulia. Tangu siku hiyo nauliza kwanza, na nyuso za watu na dhahabu yenyewe sizipigi picha.

Usinunue dhahabu

Utafuatwa. Mtu atakuja na kipande kwenye karatasi, sauti ya chini, bei nzuri, na kisa cha mgonjwa nyumbani. Kataa kwa adabu, ondoka. Kwa sheria ya madini anayenunua na kuuza ni mwenye leseni ya biashara ya madini, na mauzo yanafanyika kwenye soko la madini, ambako dhahabu inapimwa na tozo za serikali zinalipwa. Ukikutwa nayo bila nyaraka, barabara ya mlimani ni ndefu na vizuizi vipo. Na kama si dhahabu halali, huenda si dhahabu kabisa. Shaba iliyong'arishwa imewaliza watu wazima.

Ukitaka kumbukumbu, nunua asali. Miombo ya Chunya inatoa asali nzito ya rangi ya kahawa, nayo haihitaji leseni.

Kula na kulala

Gesti zipo za kila hali, angalia chumba kabla ya kulipa, hakikisha maji yanatoka na mlango unafunga. Chakula ni ugali, wali maharage, nyama choma, chipsi mayai. Kula penye wateja wengi. Baada ya saa tatu usiku rudi chumbani. Mji wenye fedha ya dhahabu una usiku wake.

Ukiwa na siku ya tatu

Nenda Saza na Mkwajuni, ambazo tangu mwaka 2016 ziko Mkoa wa Songwe baada ya Mbeya kugawanywa. Unaweza kurudi Mbeya kwa njia ya Mkwajuni na Galula hadi Mbalizi, ukafunga duara zima la safari badala ya kurudia mlima. Njia hiyo ni ya kuulizia hali yake siku hiyohiyo kwa madereva wanaotoka huko, na mvua ikinyesha iache.

Kurudi

Uliza saa ya gari la mwisho siku unayofika, si siku unayoondoka. Mimi huondoka saa saba mchana ili nivuke mlima kukiwa na mwanga. Viatu na nguo za machimboni zifunge kwenye mfuko wa peke yake, zifue peke yake, na usizivae ndani ya nyumba yenye watoto, kwa ajili ya vumbi na mabaki ya zebaki.

Halafu ile picha ya mzee. Ukifika Mbeya isafishe kwenye studio, itie kwenye bahasha, andika jina lake na namba ya mwenyeji wako, umpe kondakta wa gari la Chunya pamoja na nauli ndogo ya mzigo, kisha mpigie mwenyeji akaipokee stendi.